Sauti Kutoka Eda

Munira binti Mustapha aliweza kukaa na kompyuta kutwa kucha wakaelewana, lakini mbele za watu ulimi ulimganda. Nadhani ndiyo maana Mungu alimpa Khalidi, mume aliyezungumza hata akipiga mswaki. Munira aliandika programu. Khalidi akasimama kwenye mikutano ya waandishi wa programu, Dodoma, Morogoro, popote walipoalikwa, akaieleza. Kila mara alifungua kwa utani uleule: "Ndugu zangu, mimi ni mdomo tu. Kichwa kile kule nyuma, kimejitanda mtandio." Ukumbi mzima ukageuka, Munira akatamani ardhi ipasuke, na njiani akamgombeza mpaka nyumbani Chang'ombe. Maswali yalipokuja Munira alimwachia mumewe yote. "Hilo Khalidi atakujibu," ndiyo sentensi pekee aliyowahi kuitamka ukumbini.

Programu yenyewe ilitunza hesabu za dawa za zahanati, kwa Kiswahili, na ilikuwa huria: yeyote angeweza kuichukua bure, kuifungua ndani, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Khalidi alikuwa akirudi kutoka Mpwapwa, alikokwenda kuiweka kwenye zahanati moja, pikipiki ilipomtupa. Kifo hakibishi hodi. Asubuhi alitoka akilalamika chai haina sukari, na jioni wakamrudisha kwenye shuka.

Munira akakaa eda pale pale nyumbani, chini ya jicho la mama mkwe wake, Bi Salha, mwanamke wa Kondoa asiyejua mzaha kwenye mambo ya dini. Mjane hatoki, hajipambi, hazungumzi na wanaume wa nje ila kwa dharura. Eda haikuwa imefika hata nusu wakati Swalihu, rafiki wa marehemu, alipokuja, akasimama uani na kusema naye kupitia pazia.

"Shemeji, mkutano ni Jumamosi, na nafasi ya Khalidi bado ipo. Tusipoieleza programu, hakuna atakayejitolea kuiendeleza, na wewe peke yako huiwezi. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Ieleze wewe."

"Mimi naijua juu juu. Wakiniuliza ya ndani nitaumbuka. Ongea wewe kwa simu, nami nitaishika kwenye kipaza sauti."

"Haiwezekani," akadakia Bi Salha. "Sauti ya mjane itembee mjini, mbele ya wanaume tusiowajua? Kwa kitu cha kugawa bure! Mwanangu kafa barabarani kwa ajili ya kitu ambacho hata hakiuzwi."

Ukweli usemwe: katazo lile lilimfaa Munira. Lilikuwa kichaka cha kujifichia. Lakini Swalihu alipoondoka, alihisi kana kwamba wanamzika Khalidi mara ya pili, na safari hii yeye ndiye ameshika jembe.

"Mama," alisema, "kile kisima alichochimba babu yake Khalidi kule Kondoa, watu bado wanachota?"

"Wanachota."

"Wanalipa?"

"Nani auze maji ya sadaka? Yule mzee thawabu zinamfikia mpaka leo, huko huko kaburini."

"Na hii programu ni hivyo hivyo, mama. Wakiitumia, zitamfikia. Ikifa, basi."

Tasbihi ya Bi Salha ikasimama vidoleni. "Sauti tu," alisema mwishowe. "Na mimi nitakaa hapa hapa."

Jumamosi Munira aliishika simu kwa mikono miwili. Alisikia viti vikikwaruza, watu wakikohoa.

"Ndugu zangu," alianza, "mimi ndiye kile kichwa. Mdomo tumeuzika."

Hakuna aliyecheka. Alipoingia kwenye kazi yenyewe, ulimi ukamfunguka. Akaeleza jinsi programu inavyotoa onyo dawa zikikaribia kwisha, wapi ina kasoro, msaada gani unahitajika. Kumbe aliweza! Na hilo likamuuma, kwamba amelijua leo, Khalidi hayupo wa kumtania.

Mtu mmoja akauliza, "Dada, wauguzi wa vijijini hawajawahi kugusa kompyuta. Mliwashawishije wakaikubali?"

"Hilo Khalidi atakujibu," alisema Munira.

Bi Salha, ambaye tangu maziko hakuna aliyeona chozi lake, aliinua uso haraka akatazama mlangoni.

Munira akaona alivyotazama, ndipo akasikia alichokisema yeye mwenyewe. Kwenye simu ikaja sauti ya Swalihu: "Shemeji, hapa mikono imenyooshwa. Wengi. Wanasema kazi wataichukua."

Akashukuru, akakata simu.

"Wamekubali?" aliuliza Bi Salha.

"Wamekubali, mama. Nisamehe. Nilisahau."

Bi Salha alivuta ncha ya kanga akajifunika uso. "Hata mimi, mwanangu," alisema humo ndani. "Nilishaanza kuwaza kwamba hajala."