Pipa la Kuoshea Moshi

Kabla ya harusi ile tulikuwa tunagombana vizuri. Tulikuwa watatu nyuma ya kiwanda cha chai, chini ya msitu wa Magamba: Mzee Shabani wa boila, Khalfani fundi wa kuchomelea, na mimi, mwalimu wa kemia. Moshi wa boila tuliupitisha kwenye pipa la maji uoshwe masizi, kisha kwenye maji ya magadi yainase hewa ya ukaa, na chini ukatuama unga mweupe wa kuumulia maandazi. Kila hatua ilitokana na ubishi. Mzee akitoa wazo, Khalfani alimwambia usoni, "Mzee, hapo umechemka." Mzee alicheka, akarudisha mapigo, na katikati ya kelele zao likazuka wazo jingine, bora kuliko yote mawili.

Kisha Khalfani akamwoa Mwanaisha, binti wa Mzee Shabani. Nilicheza kwenye harusi ile mpaka viatu vikanishinda, kumbe tulikuwa tunakizika kikundi chetu. Tangu hapo Khalfani alimwamkia mkwewe ameinamisha kichwa, na kila neno la mzee likawa amri. "Sawa, baba." Miezi ikapita bila jipya hata moja. Inakera kufanya kazi na watu wanaokubaliana.

Mwenye kiwanda alishasema: angeleta wageni wauone unga. Wakiupenda, angejenga mtambo mkubwa. Wasipoupenda, mapipa yetu yang'olewe. Asubuhi waliyokuja nilikwenda getini kuwapokea. Huku nyuma Mzee Shabani aliona moshi unapita polepole, akaagiza bomba liruke pipa la kuoshea. Khalfani, aliyelichomelea pipa hilo mwenyewe, akalihamisha bomba bila neno.

Unga ulitoka mweusi, unanuka moshi. Wageni waliubetulia midomo, wakarudi kwenye gari. Mwenye kiwanda alisema hataki kuyaona mapipa yale tena.

Nilimvaa Khalfani kwa hasira, nikamuuliza kama alijua unga ungechafuka.

"Nilijua, Mwalimu. Lakini yule ni mkwe wangu. Ningemwambiaje?"

Mzee Shabani alikuwa ameketi juu ya kuni, hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Alikuwa amesikia yote.

"Sikuwa na hakika," alisema taratibu. "Nilimtazama, nikangoja aniambie nimechemka."

Nilimgeukia Khalfani. Nilitamani abishe, hata sasa.

"Samahani, baba," alisema, ameinamisha kichwa, kisha akaanza kulikata bomba.