Ufunguo wa Wodi ya Wazazi

Mimi Kazija binti Nassibu nililala kwenye jeneza nikiwa hai, mchana kweupe, na sijutii. Wanaosema nilivunja heshima ya msiba waseme, lakini kwanza wanisikilize.

Kijijini kwetu Namkwenda, ukishapita Njinjo ukaelekea milimani, tuna wodi ya wazazi, pale zahanati. Nzuri sana. Imepakwa rangi, ina vitanda vitatu na tangi la maji. Ilikamilika mwaka juzi kabla ya msimu wa korosho, na msimu mwingine ukapita haijafunguliwa. Ilikuwa inamsubiri mgeni rasmi. Mlangoni walifunga utepe mwekundu, jua likaupiga mpaka ukawa rangi ya chai ya maziwa. Wenye mimba walikuwa wanaupita wakienda kupanda bodaboda kuelekea Kipatimu, hospitali ya misheni. Kwa barabara ile, hata mwanamume anayesindikiza gunia la mihogo anashuka amejishika kiuno.

Mwanangu Fauzia alipita njia hiyo na mimba yake ya kwanza, utepe ukiwa bado mwekundu. Mtoto alizaliwa kando ya korongo, juu ya koti la dereva, na hakulia. Nilimfunga kwenye kanga yangu mwenyewe nikarudi naye nyumbani. Sasa Fauzia alikuwa na mimba ya pili, mwezi wa tisa, na kila nikiutazama ule utepe nilitamani kumng'ata mtu.

Si kwamba tulinyamaza. Tulimwendea mwenyekiti wa kijiji, Kibwana Pazi, akasema ufunguo uko kwa mtendaji. Mtendaji akasema hilo ni la diwani. Diwani Abdulwahab akasema suala liko kwenye mchakato. Tukaomba mkutano wa kijiji, ambao sheria inasema uitishwe kila miezi mitatu. Kibwana alikuwa hajaitisha hata mmoja tangu achaguliwe. Ukimuuliza, anasema ratiba imembana. Ratiba gani, na kila jioni yuko barazani anacheza bao?

Basi baba yake, Mzee Pazi, akafariki. Inna lillahi. Alikuwa mtu mwema na nilimlilia kweli. Lakini ukoo wetu na ukoo wa kina Pazi ni watani tangu enzi za mababu. Wakifiwa wao, sisi ndio tunaopika, sisi ndio tunaochimba kaburi, na sisi ndio tunaowachekesha. Mtani msibani anaruhusiwa kuiga kikohozi cha marehemu, anaruhusiwa kukamata kuku bandani, anaruhusiwa hata kuzuia maziko mpaka apewe kitu, na mfiwa haruhusiwi kununa. Kumnunia mtani ni aibu ambayo wajukuu watakuja kusimuliwa. Kwa kawaida mfiwa anatoa noti moja, watu wanacheka, mambo yanaendelea.

Siku hiyo serikali yote ilikuja. Mtendaji yupo, diwani yupo, na mabwana wawili walishuka na gari kutoka wilayani. Nilipowaona wamejipanga kwenye mkeka mmoja, wamevua viatu, nikajisemea: Kazija, hawa hutawapata tena wamekaa namna hii mpaka uchaguzi.

Jeneza la msikiti lilikuwa uani, maiti bado anaoshwa ndani. Nikavua kandambili, nikapanda, nikalala chali, nikajifunika kanga mpaka kidevuni.

"Mtani kaanza!" watu wakacheka.

Kibwana akaja, macho mekundu kwa kulia, akachomoa noti. "Haya mtani, pokea, utupishe."

"Kamnunulie maji mgeni rasmi. Mimi nataka ufunguo wa wodi."

"Mtani, jamani, hapa ni msibani."

"Ndiyo maana nimelala. Ingekuwa mkutanoni ningesimama, ila mkutano wenyewe huitishi."

Hapo walicheka hata waliokuwa wanalia ndani. Kibwana akatabasamu kwa shida, maana angefanya nini, akaongeza noti ya pili. Sikuitazama.

"Ufunguo anao mtendaji," akasema.

"Mtendaji!" niliita bila kuinuka. "Simama tukuone."

Mtendaji akasimama, soksi yake ina tundu kwenye kidole gumba. "Shikamoo, bibi. Mimi ufunguo nilishaukabidhi kwa diwani."

"Marahaba. Diwani!"

Abdulwahab alisafisha koo. "Mama yangu, kwa mujibu wa utaratibu, jengo halitumiki kabla halijazinduliwa. Kwa hiyo ufunguo niliurudisha kwa mwenyekiti, kwa ajili ya usalama."

Ua mzima ukamgeukia Kibwana. Mkono wake ulikuwa umeshakwenda mfukoni mwa kanzu, nadhani bila yeye mwenyewe kujua. Ufunguo ulikuwa humo, kwenye pete moja na ufunguo wa pikipiki yake. Miezi yote ile, kila alipowasha pikipiki, ulikuwa unaning'inia hapo.

Utani uliniponyoka. "Ulikuwa nao," nilisema. "Siku ile narudi na mjukuu wangu kwenye kanga, ulisimamisha pikipiki ukanipa pole. Ulikuwa nao mkononi."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa na hasira mpaka jeneza linatetemeka.

Sheikh Saad akatoka mlangoni, mikono bado imelowa. "Maiti yuko tayari, na maiti hacheleweshwi. Kibwana, mpe mtani chake."

Akauchomoa kwenye pete. Akaniwekea kiganjani.

Sikuinuka. Nilimpa Fauzia, aliyekuwa amesimama kando ya jeneza. "Nenda na Nesi Maria wa zahanati mkaujaribu. Nisije nikawa nimepewa ufunguo wa choo."

Tukasubiri. Serikali ilitazama miguu yake. Baadaye kidogo, kutoka upande wa zahanati, tukasikia vigelegele, vya Nesi Maria, ambaye alikuwa ameukata utepe kwa kisu cha vitunguu cha hapo hapo msibani. Ndipo nikashuka, nikawapisha, nikamlilia Mzee Pazi upya.

Siku ya tatu Kibwana akaja kwangu. "Mtani, utani umekwisha. Ufunguo urudi serikalini."

"Alichochukua mtani msibani hakidaiwi," nikamjibu. "Muulize yeyote mwenye mvi."

Akauliza, wakamcheka. Diwani naye akaleta barua yenye mhuri, ananitaka nieleze ninamiliki ufunguo wa umma kwa kifungu gani. Nikamwambia aliyeileta kwamba waliotunga kifungu hicho wamezikwa, awaandikie huko waliko.

Fauzia alijifungua Jumatano, kwenye kitanda ambacho godoro lake lilikuwa bado na nailoni. Mtoto wa kiume. Alilia. Mungu wangu, alilia! Nilikaa chini sakafuni nikalia naye, na Nesi Maria akanikanyaga mara mbili akipita.

Asubuhi yake natoka nje kumwaga maji, namkuta Kibwana amelala kizingitini mwa wodi, chali, na suti yake ya vikao.

"Mtani," akasema, "sitoki hapa mpaka mtoto aitwe Pazi."

Alinipata. Nami siruhusiwi kununa. Kina mama wakajaa dirishani, Fauzia anacheka huku ameshika tumbo. Na kusema kweli jina lenyewe nililipenda, maana yule mzee hakuwahi kumfungia mtu mlango. Lakini sikuzaliwa jana.

"Jina utapewa," nikamwambia. "Ila jina la mtu mzito kama huyo halitolewi mlangoni. Litatolewa kwenye mkutano wa kijiji, wote tukiwapo. Uitishe wewe."

Alitazama dari ya kibaraza. Kuku alimpita kifuani. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo, "Ajenda itakuwa hiyo moja tu?"

"Itisha kwanza."

Tangazo lilibandikwa Ijumaa, na Jumatano iliyofuata, mtoto akitimiza siku ya saba, watu walikuja mpaka wa mashambani. Ajenda ya kwanza ilikuwa jina la mtoto, tukaipitisha kwa dakika moja. Ajenda ya pili ilikuwa mwenyekiti mwenyewe, na hiyo ilituchukua mpaka alasiri.