Kigoda cha Muuguzi

Fundi alikuwa amechonga vigoda miaka thelathini na minne pale kiharusi kilipompata asubuhi moja, randa ikiwa mkononi. Mkono wa kulia ukalegea kama kitambaa kibichi. Kwa miezi mitano muuguzi wa zahanati ya jirani alimjia kila Alhamisi akitoka kazini, akaukunja na kuukunjua mkono ule huku akimtania: "Leo utanisalimia, au bado unaniringia?" Hatimaye fundi akaweza kushika kikombe. Patasi ilimshinda.

Nalo lilimkera, maana alitaka kumchongea muuguzi kigoda. Mama wa watu alishinda wima kutwa nzima, na akipata nafasi ya kukaa, alikalia ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe niambie tu, baba," alisema mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa. "Mikono ninayo."

Fundi alicheka. Karakanani humo mkwe alikuwa akiingia kuleta chai na kufagia, basi. Lakini hakuwa na mwingine. Akaketi juu ya gogo, akaanza kuelekeza.

Alimfundisha kuchimba kikalio kwa tezo, katikati pazame kidogo ili mapaja yasiumie. Miguu iwe mitatu, kwa kuwa sakafu ya zahanati ina mabonde, na mitatu haiyumbi popote. Matundu ya miguu yalipaswa kuinamia nje. Mkwe akatoboa la kwanza wima kabisa. Fundi akafoka.

"Baba, ukinipigia kelele nitatoboa na meza."

Wakacheka wote wawili.

Siku ya tisa mkwe aligonga kabari ya kukazia mguu kwa kufuata nyuzi za mbao badala ya kuzikatiza. Kikalio kikapasuka, paa! Akakaa chini, machozi yakimlengalenga. Fundi akakumbuka vikalio alivyovipasua yeye ujanani, akavificha nyuma ya choo mwalimu wake asivione. Akamsimulia.

"Vilikuwa vingapi, baba?"

"Saba."

Mkwe akafuta macho, akaenda kutafuta ubao mwingine.

Alhamisi iliyofuata muuguzi aliketi juu ya kigoda kipya, akajisogeza huku na huku, akanyoosha miguu, akafumba macho. "Jamani! Mgongo wangu unakushukuru, fundi. Kumbe mkono umepona!"

Fundi angeweza kunyamaza akazipokea sifa.

"Mkono bado, dada. Kachonga mkwe wangu. Mimi nilitoa mdomo tu."

Muuguzi akamgeukia mkwe aliyesimama mlangoni, akamshika viganja, akaona malengelenge. Akamkumbatia.

Fundi hakuwa mtu wa asante. Hata marehemu mkewe alimlalamikia hilo. Lakini mgeni alipoondoka na kigoda chake kichwani, alimwita mkwe karibu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Nilidhani karakana hii ndiyo imeshafungwa."

"Ifungwe wapi, baba? Jirani anataka viwili, vya wanawe."

"Vya watoto vina hesabu zake," fundi alisema, tayari akijiinua. "Nisogezee ule ubao mwembamba tuutazame."