Ng'ombe wa Kibii na Gari la Jepkemei

Kimeli alifika kwa Kibii akiwa na matope mpaka magotini, na hata hodi hakupiga.

"Mzee, nisaidie ng'ombe. Gari imezama kule bondeni na mke wangu Jepkemei yuko ndani. Uchungu umemshika tangu alfajiri."

Kibii alikuwa mlangoni akichambua mbegu ya viazi. Aliinua macho, akayateremsha tena.

"Ambulansi je?"

"Tumepiga simu. Wanasema haina mafuta."

"Haina mafuta!" Kibii alicheka vibaya. "Na ile landkruza ya mheshimiwa inakunywa nini, maji?"

Magari yote yaliyozama bondeni humo yalivutwa na ng'ombe wake: ya viazi, ya maziwa, hata ya mchungaji. Lakini gari lenye mama wa kujifungua alikuwa amevuta moja tu, na aliyekuwa ndani ni Cheruto, mke wake. Lilitoka. Akawaachia majirani ng'ombe, akapanda, akamshika mkono, akamwomba Mungu njia nzima, kwa sauti, bila aibu. Walipofika hospitali wakakuta geti limefungwa, manesi wako kwenye mgomo na wakubwa wako kwenye mkutano. Askari akawaambia waende Nakuru. Cheruto hakufika Nakuru. Mtoto naye hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo Kibii hakuwa ameomba, hata kwa chakula. Na usiku bado alilala upande wake wa kitanda, ule wa ukutani, kana kwamba mtu atakuja kulala upande wa pili.

"Mzee," Kimeli alisema, sauti ikimkatika.

Kibii aliinuka, akachukua nira.

Ng'ombe wake walikuwa wawili, mmoja anaitwa Chifu na mwingine Mheshimiwa. Chifu mwenyewe, yule wa serikali, aliwahi kuja kulalamika. Kibii akamwambia jina ni la ng'ombe, na kama analitaka sana aje afungwe nira yeye.

Bondeni, gari, Probox kuukuu, lilikuwa limelala kwa tumbo. Kabla ya kura greda ilipita pale ikamwaga udongo mwekundu, watu wakapiga makofi. Mvua ya kwanza ikaugeuza uji. Mama yake Kimeli, ambaye wote walimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa amesimama kando ya gari, leso imelowa mabegani. Kutoka ndani Jepkemei alipiga ukelele mmoja, Kibii akageuza uso upande wa msitu. Alikuwa anaujua ukelele huo.

Alifunga mnyororo kwenye chuma cha mbele.

"Kibii," Kogo alisema, "omba kwanza. Ng'ombe ni wako."

"Hapa hakuna maombi, Kogo. Hapa ni kuvuta."

"Omba tu."

"Niliomba hapa hapa! Nikajibiwa nini?" Alikuwa anapiga kelele sasa, na dereva akainamia usukani. "Wale wamekula barabara wamenenepa, watoto wao wanazaliwa kwa hospitali za vioo. Na Mungu anaangalia tu. Sema nikiongopa!"

Kogo hakumkemea. Yeye ndiye aliyeuosha mwili wa Cheruto.

"Huongopi," alisema. "Niliona kwa macho yangu. Mimi pia nilimuuliza Mungu, na hajaniambia kitu mpaka leo. Lakini ukiacha kumwambia Yeye, utaenda kumwambia nani? Chifu?"

"Yuko hapa, tumwambie," dereva alisema akimwonyesha ng'ombe, na Kibii, bila kutaka, akaguna kicheko.

Kisha akainua fimbo. "Chifu, amka! Mheshimiwa, vuta! Leo utafanya kazi, bwana!"

Ng'ombe wakazama mpaka vifundoni, shingo zikakaza, mnyororo ukalia. Kimeli na Kogo wakasukuma nyuma. Gari likatikisika, likarudi, likatikisika tena, halafu matope yakaliachilia kwa sauti ya kufyonza. Dereva hakusimama hata kushukuru. Kibii aliwahi kufungua mnyororo tu, Kimeli na mama yake wakarukia ndani, na Probox ikapanda mlima ikiyumba.

Akabaki peke yake. Mlio wa injini ulipungua, ukapotelea ng'ambo ya kilima. Kama geti la leo limefungwa au liko wazi, hangeweza kujua. Alitamani angekuwa ndani ya gari hilo. Alitamani liwe ni lile lingine, la Cheruto, na mkono wake bado uwe na joto.

Alivua kofia.

"Mimi bado nimekasirika," alisema, na ng'ombe wakageuza masikio. "Na Wewe unajua. Lakini huyu usimchukue. Nakuomba. Huyu mwache arudi na mtoto."

Aliweka mkono kwenye shingo ya Chifu, akaendelea.

"Na Cheruto, kama yuko hapo karibu, mwambie sijaoa. Mwambie viazi vya shamba la juu vilikubali. Mwambie..."

Hakuweza kumaliza. Mvua ilianza upya, nyembamba, na Kibii akasimama katikati ya barabara na kofia mkononi, akimwachia Mungu maneno yaliyobaki.