Saa ya Ukutani kwa Bwana Kamba

Fundi hakuwa na subira. Hakuwa na kiti kizuri, ingawa alikuwa amewatengenezea watu viti kwa miaka arobaini. Hakuwa na karatasi ya mistari wala kalamu isiyovuja. Hakuwa na bosi na hakuwahi kuwa naye, jambo alilojivunia mpaka wiki ile. Zaidi ya yote, hakuwa na ulimi wa kumwambia mtu asante ana kwa ana bila kuligeuza neno kuwa mzaha.

Kukosa bosi ndiko kulikomponza, na ulimi ukamalizia.

Kwa miaka kumi na sita, kila Jumamosi, mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni alikuwa akiwakusanya vijana wa mtaa katika ukumbi ulio nyuma ya zahanati. Aliwafundisha kufunga mafundo, kubeba majeruhi, kusoma ramani na kulala porini bila kulia. Hakuna aliyemwajiri kwa kazi hiyo. Vijana walimwita Bwana Kamba, maana hakuonekana bila kamba begani. Mjukuu wa fundi, msichana wa miaka kumi na minne aliyelelewa na babu na bibi yake, alikuwa mmoja wao.

Fundi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Kamati ilipoamua kumpa Bwana Kamba zawadi, fundi alisema, "Niachieni mimi," na hakutaka kumwambia mtu ni kitu gani. Wiki tatu alijifungia karakanani. Akatengeneza saa ya ukutani yenye fremu ya mbao ngumu nyekundu, akaipiga msasa mpaka ikang'aa, na chini yake akachonga: TUNAKUSHUKURU KWA UTUMISHI WAKO.

Siku ya siku akaivua kitambaa mbele ya ukumbi mzima. Vijana walipiga makofi. Wazazi wanaofanya kazi kiwandani wakatazamana. Bwana Kamba aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akasema, "Nimeelewa." Jumatatu asubuhi fundi alikuta funguo za ukumbi zimefungwa kwa kamba kwenye komeo la lango lake. Bwana Kamba alikuwa amechukua likizo, kaenda kwa dada yake, mji mwingine.

"Amekasirika nini?" fundi aliuliza.

Shemeji yake, aliyewahi kuendesha mashine kiwandani, alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, kwetu ukiona unapewa saa ya ukutani, ujue kesho usije kazini. Ndiyo njia yao ya kukuaga. Mimi yangu ipo sebuleni, hukuiona? Wewe umemstaafisha mtu kwa mbao ngumu!"

Kila aliyewahi kuajiriwa pale alilijua hilo. Fundi peke yake, aliyejiajiri tangu ujana, hakulijua.

Alimpigia simu papo hapo. Simu ilipopokelewa, maneno mazuri yote yakamtoroka, akajisikia akisema, "Vipi bwana, saa inakwenda, au na yenyewe imeomba likizo?" Upande wa pili simu ikakatwa. Tangu hapo haikupokelewa tena.

Sasa ilikuwa Jumatano. Vijana walikuwa waondoke kwenda kambini wiki ijayo, na bila Bwana Kamba hakuna mzazi ambaye angemruhusu mwanawe. Barua ikipelekwa posta kabla ya saa kumi, ingefika Ijumaa. Zaidi ya hapo hakukuwa na njia.

Fundi aliketi kwenye benchi la karakana, akaandika: "Kwa heshima na taadhima, kamati ya wazazi inapenda kukutaarifu kwamba..." Alikuwa amesoma masomo ya jioni akiwa mtu mzima mwenye watoto, na alijua barua inavyotakiwa kukaa. Akampelekea mkewe, aliyekuwa akianua nguo.

Mkewe alisoma mistari miwili. "Hii ni ya kumfukuza mara ya pili."

"Mama, hiyo ni lugha ya heshima."

"Ni lugha ya mahakamani. Haya, rudi ukaandike."

Akarudi. Akaandika ya pili, akaichana. Akasimama, akachukua randa, akaanza kulainisha ubao wa mlango uliokuwa umelainishwa tangu juzi. Akatoka nje kutazama jua. Akaingia. Akaandika ya tatu.

Mjukuu alirudi kutoka shule saa nane na nusu, akaisoma akiwa bado na begi mgongoni. "Babu, hapa unamgombeza."

"Namgombeza wapi?"

"Hapa. 'Ungeuliza kwanza kabla ya kununa.'"

"Si kweli kwamba angeuliza?"

"Kweli. Lakini wewe ndiye unayeomba msamaha, babu."

Fundi akarudia randa. Maranda yakarundikana miguuni, na ubao wa watu ukazidi kuwa mwembamba.

"Hebu acha huo mlango, utakuwa pazia," mjukuu alisema.

Akaacha. Miguu haikutaka kutulia. Alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. "Niambie basi. Huyo mtu anawafanyia nini hasa huko ukumbini? Usiniambie mafundo."

Msichana akafikiri. "Anafika saa nzima kabla yetu, anafagia. Mimi niliwahi siku moja nikamkuta na ufagio. Akaniambia nisiwaambie wenzangu. Na tukivuka mto kwa kamba, mwoga kuliko wote ndiye anayepewa ncha ya kushika, ili aone wengine wanamtegemea yeye. Mwaka wa kwanza nilipewa mimi." Akavua begi. "Halafu kuna ule mguu wa bibi, babu. Wewe ulikuwepo."

Alikuwepo. Mkewe alipoteleza bafuni na mguu ukavunjika, yeye, mwanaume mzima anayejua kila kiungo cha mbao, alisimama mlangoni asijue pa kuanzia. Msichana huyu ndiye aliyechukua rula mbili na mtandio, akaufunga ule mguu, akamwambia, "Babu, shika hapa, usiachie." Hospitalini daktari aliuliza ni nani aliyefunga vizuri namna ile. Fundi alijibu, "Mjukuu wangu," kifua mbele. Hakuwahi kujiuliza mjukuu alifundishwa na nani.

Saa tisa na robo. Akakaa, na safari hii hakuinuka.

"Ndugu yangu," aliandika, "sikujua maana ya saa kiwandani kwenu, kwa kuwa sijaajiriwa maisha yangu yote. Kosa ni langu, na ule mzaha wa kwenye simu pia ni wangu. Hakuna aliyekuaga. Mke wangu anatembea kwa miguu miwili kwa sababu ulimfundisha mtoto kufunga mguu uliovunjika, nami nilikuwepo nikashindwa. Nilipaswa kukuambia hivyo siku ile ile. Asante. Najua pia ni nani anayefagia ukumbi. Jumamosi nitafika kabla yako, nikiwa na ufagio wangu. Tafadhali njoo. Nilete msumeno nikate ile saa tutengeneze kitu kingine?"

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa ukongwe. Akachovya kidole kwenye kopo la gundi ya mbao, akapaka, akabana bahasha kwa jiwe la kunolea huku akivaa viatu. Akaandika anwani ya dada yake Bwana Kamba, akatoka mbio za kizee.

Njiani alisimama ghafla. Ule mstari wa msumeno! Mzaha mwingine! Akaingiza ukucha kwenye mkunjo wa bahasha. Haukuachia. Akajaribu kwa ufunguo. Gundi ilikuwa imeshika kama ilivyozoea kushika meza na makabati yake.

Posta, karani alikuwa tayari anafunga mfuko wa barua za siku hiyo. "Mzee, unaileta au unaichokoa?"

"Kuna neno nataka kulitoa."

"Baya?"

Fundi akafikiri, jasho likimtiririka. "Si baya. Ndivyo ninavyoongea."

"Basi si atajua ni wewe?" Karani akanyoosha mkono. "Saa kumi kasoro dakika mbili, baba yangu."

Fundi akamkabidhi barua. Karani akabandika stempu, akagonga muhuri, akaitumbukiza ndani ya mfuko, akaukaza mdomo kwa kamba.