Shamba ya Georgette

Banasema ile vita ya kwanza ya huku kwetu haikuacha muntu hapa. Uongo mutupu! Mama yangu Georgette alibaki. Kijiji yote ilivuka ziwa kwenda Kigoma, yeye akasema magoti inamuuma, mutumbwi hapandi. Alijificha ndani ya shamba yake, akalima mihogo peke yake. Benye balirudi mikono mitupu, ni yeye alibakatia miti ya mihogo ya kupanda, bule, bila hata kuomba sukari ya aksanti. Mpaka leo ile mihogo batu banaiita Georgette. Alipokufa tulimuzika mule mule shambani.

Sasa serikali imetufanya komine, mji mudogo yenye kujitawala. Barabara hatuna, pikipiki inaishia kwa mutoni, unapanda na miguu. Lakini bendera tuko nayo, na bourgmestre, mukubwa wa komine, tuko naye, Fabien, kijana tuliyemulea hapa hapa. Siku ya sherehe alialika bakubwa kutoka mjini Baraka. Siye bamama tulikuwa nyuma ya hema, tunapika bugali na sombe ya majani ya mihogo, yeye akasimama kusoma historia ya komine.

«Mwaka ile, bandugu, hapa hapakubaki muntu. Udongo ilikuwa haina mwenyewe. Ndiyo maana leo ni ya komine, na biro yetu, ofisi ya komine, itajengwa pale kwa kilima.»

Pale kwa kilima! Pale ni kwa mama yangu, na kaburi yake iko pale. Mwiko ilinitoka mukononi.

«Ketsia, umesikia?» nikauliza jirani yangu.

«Nimesikia, dada. Koroga, itaungua.»

«Iungue!»

Nikaenda mpaka mbele ya bakubwa, unga ingali kwa mikono. «We Fabien, mutoto wa Arlette! Mama yako alirudi kutoka Kigoma na nguo moja. Miti ya mihogo alipewa na nani?»

Batu bakaanza kuguna. Muzee mumoja akasema ni kweli, Georgette alibaki. Fabien si mujinga, aliona upepo umegeuka, akacheka na meno yote.

«Mama Solange, aksanti. Tunasahihisha. Pale kwa kilima tutajenga, na biro tutaiita Biro Georgette. Makofi kwa mama yetu!»

Bakapiga makofi. Hata Ketsia alipiga! Ayayaya, niliona giza. Jina banatupatia, udongo banakamata! Jina nitapanda nini ndani yake?

Nikarudi kwa jiko, nikabeba sufuria ya bugali kwa kichwa, nikapanda kilima. Ketsia akaniangalia, haya ikamushika, akabeba sombe akanifuata. Bamama bengine bakabeba masahani, samaki, mpaka chumvi. Tukaweka vyote kando ya kaburi, tukakaa chini.

Kule hema ikabaki na hotuba tu. Njaa haikai na hotuba. Kisha kidogo tukaona bageni ba Baraka banapanda, banapangusa jasho. Kwetu hapa huingii shamba ya muntu bila hodi, hata kama umefuata mbuzi yako. Nao banajua. Bakasimama pa mupaka, bakasema hodi. Nikabakaribisha, bakala.

Wa mwisho ni Fabien. Alitaka kupita tu, kama muntu anaingia kwake. Nikasimama.

«Bourgmestre, siku hizi hatupigi hodi?»

Akaangalia bageni. Bageni bakaangalia masahani yao. Muzee mumoja akakohoa.

«Hodi,» akasema, sauti ya panya.

«Hodi kwa nani?»

Bugali ilikuwa inapoa, na kila muntu aliacha kutafuna.

«Kwa Georgette,» akasema. «Hodi kwa shamba ya Georgette.»

«Basi karibu, mutoto wangu. Ingia, kula.»

Nikamukatia bugali kubwa, maana njaa si ya kuchezea. Lakini hasira, wallahi, hasira nilikuwa nayo ingali moto, na mbele ya bageni bote nikamuambia akimaliza kula aandike tena ile historia yake, aisome hapa hapa, mi nikiwa nasikia.