Kipimo cha Kujifunzia

"Kule kisiwani, mgeni akiingia wodi ya wazazi na tumbo, anatoka mikono mitupu." Wifi yangu aliniambia hivyo akiwa anasukwa nywele, wala hakuniangalia. Neno lile liliniingia kama mchanga jichoni: kila nikifikicha ndivyo linavyozidi kuuma.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo naandika hivihivi nilivyo. Nawaandikia ninyi mnaowafuata waume zenu kwenye mafunzo na mna mimba.

Mume wangu ni muuguzi. Alichaguliwa kwenda kisiwani miezi sita kujifunza kazi ya kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji. Mimba yangu ilikuwa ya miezi mitano. Tulipewa chumba kimoja nyuma ya hospitali, dirisha linatazama kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Kutoka mlangoni kwetu hadi kwa mkunga ni hatua mia mbili, basi.

"Mama Kijacho, twende kliniki ukafunguliwe kadi," mume wangu alisema wiki ya kwanza.

"Siendi. Wewe si ndiye dokta? Nipime hapahapa."

"Mimi dokta wa kulaza watu."

"Basi nilaze, halafu unipime."

Akacheka, nami nikacheka, na hapo ndipo tulipoharibu. Jumamosi alirudi na kipimo cha presha kutoka chumba cha mafunzo, kile cha kufunga mkononi na kupuliza kwa mpira. Kilibandikwa karatasi: CHA KUJIFUNZIA TU. Akasema wameandika ili watu wasikichukue moja kwa moja. Kila Jumamosi alinifunga, akapuliza, akaandika kwenye daftari lake. "Safi kabisa. Presha ya msichana."

Mwezi wa saba wa mimba miguu ikavimba, pete ikagoma kutoka. Dobi wa hospitali, mama mmoja mwenye mdomo, alikuwa akianika mashuka akanitazama.

"Mama, uso huo umeng'atwa na nyuki? Nenda kwa mkunga."

"Ni joto tu. Mume wangu amenipima juzi."

"Mumeo amefaulu lini?"

Nikamfungia dirisha.

Kichwa kikaanza kugonga, nikawa naona nyota mchana. Sikumwambia mume wangu. Jumatano alikuwa na mtihani wa vitendo, sikutaka kumvuruga.

Jumatano hiyo asubuhi nilianguka kwa degedege. Dobi alisikia sufuria ikibingirika, akavunja mlango kwa bega. Yaliyofuata nilisimuliwa. Mkunga alipiga kelele, "Kadi yake iko wapi?" Hakuna kadi. Kundi la damu hawajui, umri wa mimba hawajui. Presha ilikuwa mia na tisini. Wakanikimbiza upasuaji, na mle ndani alikuwemo mume wangu, amevaa gauni la kijani, anasubiri mgonjwa wa mtihani wake.

Mkufunzi akamwambia, "Toka nje. Leo wewe ni mume wa mgonjwa."

Baadaye alimwonyesha mkufunzi lile daftari. Mkufunzi akasoma, akauliza, "Ulipimia nini?"

"Kile cha chumba cha mafunzo."

"Kile kibovu, baba! Siku zote kinasoma chini. Karatasi tuliibandika ya nini?"

Mtoto wa kike, kilo moja na robo. Mkunga wa wodi ile ile niliyoikimbia ndiye aliyemfunga kifuani pangu na kumnywesha maziwa tone kwa tone, siku thelathini na moja. Sikutoka mikono mitupu. Lakini sasa ana miezi kumi na shingo haijakaza, na nikipiga makofi nyuma yake hageuki. Mume wangu alirudia mtihani, akafaulu. Hakuna aliyempongeza, hata mimi.

Nilimuuliza wifi yangu zile habari alizipata wapi.

"Saluni," akasema. "Kwani mimi nimewahi kufika huko?"

Ya kuepuka ni haya:

Kupimwa na mume, hata awe dokta wa madokta.

Kipimo kilichobandikwa karatasi, kabla hujauliza karatasi ni ya nini.

Kukaa hata wiki moja ugenini bila kadi ya kliniki.

Kuficha kichwa kinachouma kwa sababu ya mtihani wa mtu.

Kusema miguu inavimba kwa joto.

Kumfungia dirisha anayekuambia ukweli.

Habari za saluni.